Christ's Hospital, shule ya makoti ya buluu

Licha ya jina lake, Christ's Hospital ni shule ya sekondari ya bweni. Iko karibu na mji wa Horsham, kusini mwa Uingereza, na ina wanafunzi wapatao 900 wenye umri wa miaka 11 hadi 18. Shule kadhaa kongwe za nchi hiyo, Eton ikiwamo, zilianzishwa kwa ajili ya watoto wa maskini, kisha zikawa za matajiri. Hii imelishika kusudi lake la mwanzo kuliko nyingi ya hizo.

Mfalme Henry VIII alipozifunga nyumba za watawa, maskini waliopata chakula na hifadhi humo walibaki mitaani. Askofu Nicholas Ridley alimhubiria habari hizo mfalme kijana, Edward VI, naye Meya wa London, Richard Dobbs, akawahimiza watu wa jiji wachange. Mwaka 1552 majengo yaliyokuwa ya Wafransisko, katika mtaa wa Newgate, yalipokea watoto wa kwanza, wavulana kwa wasichana. Waliokuwa wachanga walipelekwa vijijini kwa walezi. Edward alitia saini hati ya kuitambua shule Juni 1553, siku chache kabla hajafariki akiwa na miaka 15.

Moto mkubwa wa mwaka 1666 uliteketeza sehemu kubwa ya majengo, lakini masomo yaliendelea. Mwaka 1673 Charles II alianzisha humo shule ya hisabati ili wavulana wajifunze kuongoza merikebu. Samuel Pepys, ofisa wa jeshi la wanamaji, aliipigania sana. Wavulana walihamia Horsham mwaka 1902. Wasichana, ambao kwa muda mrefu walisomea katika mji wa Hertford, waliungana nao mwaka 1985.

Kinachowatambulisha wanafunzi ni sare yao ya karne ya 16: koti refu la buluu, mkanda wa ngozi, suruali inayoishia magotini, soksi ndefu za njano na vitambaa viwili vyeupe shingoni. Shule huitoa bure, kwa hiyo mtoto wa tajiri na wa fukara hawatofautiani kwa mavazi. Wanafunzi wenyewe walipoulizwa kama ibadilishwe, wengi mno walikataa. Mchana hujipanga kwa mabweni yao na kuandamana hadi bwaloni, bendi ya shule ikipiga.

Mabweni mengine yana majina ya waliosoma hapo, kama mshairi Samuel Taylor Coleridge na mwandishi Charles Lamb. Wanafunzi wa mwaka wa mwisho huitwa Grecians.

Ada hupangwa kwa kipato cha familia: wapo wanaolipa yote, wapo wanaolipa sehemu, na wapo wasiolipa chochote. Pengo huzibwa na mali ya wakfu na michango. Utaratibu huo ndio uti wa mgongo wa shule.

Historia yake ina doa pia. Mwaka 2018 walimu kadhaa wa zamani walifungwa jela kwa kuwadhulumu wanafunzi kingono katika miongo iliyopita.

Anayehitimu hukabidhiwa Biblia na kusomewa agizo la kukumbuka alichopewa na, akijaliwa uwezo, kuwafaidi wengine vivyo hivyo. Njia mojawapo ni kuichangia shule: mchangiaji anayefikisha kiwango kilichowekwa hupata haki ya kupendekeza mtoto wa kusomeshwa.