JICHO LA ANGANI NA THELUJI YA RWENZORI

Katika milima ya Rwenzori mpaka wa Uganda na Kongo hupita juu ya barafu. Kilele cha Margherita, chenye urefu wa mita 5,109, kimesimama baina ya nchi hizo mbili. Askari wa mpakani aweza kuhesabu njia na vivuko vyote vilivyo chini yake. Lakini theluji ya kilele ilikuwa vigumu kuihesabu, kwa kuwa mawingu huifunika siku nyingi za mwaka.

Mwaka 1906 msafara wa Luigi Amedeo, mwana wa ukoo wa kifalme wa Italia, ulivipanda vilele hivyo na kuvichorea ramani. Kutokana na kazi hiyo, wataalamu walikadiria kwamba barafu ya Rwenzori wakati ule ilienea kilomita za mraba zipatazo 6.5. Baada ya hapo vipimo vingi vilihitaji watu wapande kwa miguu, na milima hiyo imepita katika miaka mingi ya mapigano.

Chombo kilichorahisisha kazi hiyo kina asili ya kijeshi. Mwezi Agosti 1960 Marekani ilifaulu kwa mara ya kwanza kupokea filamu kutoka setilaiti ya upelelezi, iliyotumwa kuuchunguza Umoja wa Kisovieti. Mwezi Julai 1972 nchi hiyo hiyo ilirusha Landsat ya kwanza, itazame mashamba, misitu, maji na theluji. Setilaiti za aina hiyo zilizorushwa tangu 1982 hupima pia aina fulani ya mwanga usioonekana kwa macho. Katika mwanga huo wingu hung'aa, na theluji huonekana nyeusi. Basi mpimaji hadanganyiki tena kwa weupe wa vitu hivyo viwili. Hata hivyo, kilele kikifunikwa, hana budi kungoja siku nyingine.

Picha za mwaka 1987 na za mwaka 2003 zililinganishwa. Za kwanza zilionyesha barafu ya kilomita za mraba 2 hivi. Za pili zilionyesha isiyotimia 1. Katika muda wa miaka 16 nusu yake ilikuwa imetoweka.

Si vema kutia chumvi. Mito ya Rwenzori hulishwa na mvua zaidi kuliko barafu, na haitakauka kwa sababu hiyo peke yake. Lakini barafu hiyo ni shahidi wa mabadiliko ya hali ya hewa. Tena Wakonzo wa milimani huihesabu theluji, waiitayo Nzururu, kuwa sehemu ya imani yao. Na harakati ya Rwenzururu, iliyoanza 1962 na kuweka silaha chini 1982, ilichukua jina lake humo.

Tangu 2008 picha za Landsat hutolewa bure kwa kila nchi, na mjini Nairobi kipo kituo cha upimaji na ramani cha nchi za Afrika kilichoanzishwa 1975. Kwa hiyo hakuna jirani mwenye udhuru wa kusubiri wageni wamweleze habari za mlima wake. Ulinzi wa nchi ni pamoja na kujua kilichomo ndani ya mipaka yake, na kutambua mapema kinachopungua.