Wakili unayemlipa huenda si wako

Abti yangu alikuwa anauza maziwa ya ngamia. Anakusanya huku Garissa, yanapakiwa usiku, asubuhi yako Eastleigh. Akachoka kulipia nafasi kwa magari ya watu, akaamua kununua pikapu yake. Mkopeshaji akakubali, akampa karatasi nyingi pamoja na orodha ya gharama. Kwenye hiyo orodha kulikuwa na ada ya wakili. Abti akalipa, na moyoni akajua sasa ana wakili.

Halafu ukaja ule ukame wa 2020 hadi 2023, misimu mitano mfululizo mvua ikigoma. Maziwa yakapungua, malipo yakachelewa. Abti akampigia simu yule wakili amsaidie. Akajibiwa kwa adabu kabisa: mzee, mimi niliandika huo mkataba kwa niaba ya mkopeshaji, tafuta wakili wako. Pikapu ilichukuliwa. Na kwa sababu alikuwa ametia sahihi kama mdhamini binafsi, deni lililobaki likamfuata mpaka nyumbani.

Watu wengi wakisikia hii story wanasema, "Si angesoma?" Mimi nilisema hivyo pia. Halafu nikaanza kusoma historia ya pesa na sheria huku kwetu, nikaacha kumlaumu. Kwa zaidi ya miaka mia moja, karatasi Kaskazini Mashariki imekuwa ikiandikwa na mtu wa upande ule mwingine. Sisi tunaitwa tu kuweka kidole.

Anza na wakoloni. Sheria ya 1902 ya wilaya za pembezoni iliruhusu serikali kufunga eneo zima, uingie kwa kibali tu. Ile ya 1934 ya wilaya maalum ikaongezea watawala nguvu juu ya nani anatembea wapi. Sasa fikiria wewe ni mfugaji na mali yako yote ina miguu. Ukizuiwa kutembea, umezuiwa kufanya biashara. Duka lako limefungwa na hata mlango halina.

Kisha kuna hii, ambayo shuleni hatukufundishwa. Mwaka 1948 Kenya ilikuwa na sheria ya kudhibiti mikopo kwa Waafrika. Ukimkopesha Mwafrika zaidi ya shilingi 200 bila idhini ya ofisa wa serikali, huwezi kumdai mahakamani. Walisema ni kutulinda tusizame kwenye deni. Lakini ni mfanyabiashara gani atakukopesha mali ya maana kama anajua hawezi kukudai? Sheria haikusema Mwafrika asikopeshwe. Ilifanya tu kumkopesha kuwe wazimu.

Uhuru ulipofika 1963, huku ulikuja na hali ya hatari na vita vya shifta. Sheria za dharura ziliendelea hadi 1991. Mwaka 1970 Bunge likapitisha sheria ya kuwakinga maofisa wa serikali wasishtakiwe kwa waliyotenda huku wakati wa vile vita. Yaani hata ukipata wakili, mlango wa korti umeshafungwa. Halafu tunashangaa kwa nini wazee wetu wakisikia neno wakili wanafikiria shida, hawafikirii biashara.

Na ardhi? Sehemu kubwa ilikuwa ardhi ya amana, iliyoshikiliwa na mabaraza ya kaunti kwa niaba ya wenyeji. Benki ilitaka hati yenye jina lako. Wewe una ngamia sitini lakini hati huna. Kwa macho ya benki, wewe ni maskini.

Kwa hivyo tukajijengea mfumo wetu. Mali kwa mkopo kutoka kwa ndugu, ayuuto ya kina mama, hawala, neno la mzee mbele ya mashahidi. Sidharau huo mfumo hata kidogo. Eastleigh ilijengwa kwa uaminifu wa aina hiyo. Lakini una mpaka wake: unafanya kazi pale ambapo anayekudai na wewe mnajuana ukoo. Mkopeshaji mwenye ofisi ghorofa ya nane hajui ukoo wako. Anajua ukurasa wa 11.

Hata hawala zenyewe zilivutwa kwenye karatasi. Kanuni za 2013 zilidai kila mtuma pesa awe kampuni yenye leseni ya Benki Kuu. Aprili 2015, siku chache baada ya shambulio la Chuo Kikuu cha Garissa lililoua watu 148, leseni za kampuni 13 zilisimamishwa kwa mpigo. Zilirudishwa miezi michache baadaye, lakini familia nyingi zilionja maana ya pesa kusimama.

Wakati huohuo, milango mingine ilikuwa inafunguka. Mwaka 2008 benki mbili zinazofuata sharia, Gulf African na First Community, zilianza kazi. Mtu aliyekimbia riba sasa angeweza kupata murabaha: benki inanunua kitu, inakuuzia kwa faida mliyokubaliana, unalipa polepole. Sheria mpya ya Kampuni ya 2015 ikaruhusu mtu mmoja kufungua kampuni peke yake. Sheria ya Ardhi ya Jamii ikaja 2016. Na 2017 ikaja sheria ya dhamana za mali zinazohamishika, ambayo inataja mifugo waziwazi. Ngamia wa babu yako, ambaye benki haikuwahi kumwona, leo anaweza kusajiliwa kama dhamana ya mkopo.

Poa sana. Lakini kumbuka, kitu kinachoweza kuwa dhamana kinaweza pia kuchukuliwa.

Angalia wakubwa wanavyofanya. Mwaka 2023 Premier Bank ya Somalia ilinunua asilimia 62.5 ya First Community. Dili kama hiyo haifungwi kwa kupeana mikono. Kila upande unaweka watu wake wa kukagua madeni, kesi na leseni, kisha Benki Kuu lazima iidhinishe. Wenye pesa nyingi hawaingii bila msomaji wao. Ni sisi wenye pikapu moja tunaoingia peke yetu.

Na usitegemee kosa la karatasi likuokoe baadaye. Kuna kampuni moja iliyokopa National Bank, kisha ikagundua kwamba wakili aliyeandaa hati ya dhamana hakuwa na cheti cha kufanya kazi mwaka ule. Ilishinda Mahakama Kuu, ikashinda Rufaa. Desemba 2015 Mahakama ya Juu ikapindua yote: hati haifi kwa sababu tu ya kosa la wakili. Uliyotia sahihi, umetia.

Mimi si wakili, hata campus sikumaliza. Lakini baada ya mambo ya abti nilijifunza kuuliza swali moja kabla ya sahihi: huyu wakili anamwakilisha nani? Hapa Kenya mkopaji ndiye kawaida hulipia wakili wa benki. Kulipa hakumfanyi awe wako. Wako ni yule uliyemtafuta mwenyewe, ukathibitisha kwenye tovuti ya Chama cha Mawakili kwamba ana cheti cha mwaka huu, ukakubaliana naye ada kwa maandishi. Mpe mkataba kabla ya sahihi, si baada. Akueleze kwa lugha unayoota nayo: ukichelewa mwezi mmoja nini kinatokea, kampuni ikianguka wewe binafsi unadaiwa nini, na wewe na wenzako mkigombana nani anabaki na hisa.

Najua kuna mtu atasema mambo ya mkataba ni uzungu, sisi tunaaminiana. Walahi, fungua Al-Baqara, aya ya 282. Ndiyo aya ndefu kuliko zote kwenye Qur'ani, na inahusu kuandika deni: mwandishi mwadilifu, mashahidi, muda uliotajwa, na usichoke kuandika hata likiwa dogo. Karatasi haikuletwa na mkoloni. Alichofanya mkoloni ni kuishika kalamu peke yake.

Abti amerudi kukusanya maziwa, analipia nafasi kwa gari la mtu. Juzi ameniambia anataka kujaribu tena. Safari hii nitaenda naye, na hatutaanzia kwa mkopeshaji.