Uhifadhi wa picha za kidijitali kwa mpigapicha

Uhifadhi wa picha za kidijitali ni mpangilio wa vifaa, nakala na taratibu ambazo mpigapicha hutumia ili faili za picha zake zipatikane leo, mwakani na hata baada ya yeye mwenyewe kustaafu. Kwa kawaida mpangilio huo una sehemu tatu: kompyuta ya kufanyia kazi, hifadhi kubwa inayofikiwa na kompyuta zote za studio kupitia mtandao wa ndani, na nakala rudufu zinazokaa mbali na hizo mbili. Sehemu ya tatu ndiyo inayosahauliwa mara nyingi, nayo ndiyo huamua kama picha zitaokoka.

Katika Afrika ya Mashariki suala hili lina mazingira yake: umeme unaokatika, intaneti inayonunuliwa kwa vifurushi, joto, vumbi na mafuriko. Mpigapicha wa kata kama Lumuma, katika Wilaya ya Kilosa mkoani Morogoro, hawezi kufuata neno kwa neno ushauri ulioandikwa kwa ajili ya mji wenye intaneti ya kasi isiyo na kikomo.

## Kutoka filamu hadi faili

Kwa sehemu kubwa ya karne ya 20, hazina ya mpigapicha ilikuwa kabati la filamu zilizosafishwa. Studio ya Capital Art ya Mji Mkongwe wa Zanzibar, iliyoanzishwa na Ranchhod Oza mwaka 1930, iliendeshwa baadaye na mwanawe Rohit, na picha za zamani ziliendelea kuuzwa hapo miongo mingi baada ya kupigwa.

Mfano mkubwa zaidi uko Kampala. Mwaka 2015, katika Shirika la Utangazaji la Uganda (UBC), zilipatikana filamu zipatazo 70,000 zilizopigwa na wapigapicha wa serikali, nyingi zikiwa za utawala wa Idi Amin wa miaka 1971 hadi 1979. Zilikuwa katika bahasha zilizoandikwa tarehe na tukio. Mwaka 2018 kazi ya kuzigeuza kuwa faili ilianza, kwa ushirikiano wa UBC na Chuo Kikuu cha Michigan cha Marekani pamoja na Chuo Kikuu cha Australia Magharibi. Mwaka 2019 sehemu ya picha hizo ilionyeshwa katika Jumba la Makumbusho la Uganda.

Filamu ilikuwa na sifa moja ambayo faili haina: ilivumilia kusahauliwa. Bahasha iliyokaa kabatini miaka 40 bado husomeka kwa taa na jicho. Diski iliyoachwa kabatini muda kama huo yaelekea haitazunguka, na hata ikizunguka, huenda pasiwe na kompyuta yenye tundu la kuichomekea. Kwa hiyo picha za kidijitali hudumu kwa kuhamishwa tu, kutoka kifaa kinachozeeka kwenda kipya. Studio nyingi hupanga kubadilisha diski kila baada ya miaka mitano hivi, bila kusubiri ianze kulia.

## Kukadiria ukubwa

Kabla ya kununua kifaa chochote, mpigapicha anapaswa kupiga hesabu, na hesabu yenyewe ni ya darasa la saba. Kamera ya megapikseli 24 ikihifadhi faili ghafi, ambazo mafundi huziita RAW, kila picha huchukua takriban megabaiti 25 zikiwa zimebanwa bila kupoteza ubora. Harusi moja, kuanzia kuvaa hadi keki, ikiwa na picha 2,000, hufikisha gigabaiti 50. Harusi 40 kwa mwaka ni terabaiti 2. Kamera ya megapikseli 45 huongeza kiasi hicho karibu mara mbili, na video, ambayo siku hizi kila mteja huiomba, huongeza zaidi.

Hesabu hiyo izidishwe kwa miaka mitatu au minne, kisha iongezwe robo, kwa sababu diski iliyojaa kabisa hufanya kazi polepole. Inafaa pia kukumbuka kwamba watengenezaji huhesabu kwa elfu ilhali baadhi ya kompyuta huhesabu kwa 1,024; ndiyo maana diski iliyouzwa kuwa ya terabaiti 8 huonekana kama 7.3 katika kompyuta. Muuzaji hajaiba kitu.

## Hifadhi ya mtandao

Hifadhi ya mtandao, ambayo hujulikana kwa kifupi cha NAS, ni kisanduku chenye diski mbili au zaidi na kompyuta ndogo ndani yake. Huunganishwa na ruta au swichi kwa kebo, na kompyuta zote za studio huiona kama folda moja ya pamoja. Kampuni zinazojulikana kwa vifaa hivyo ni pamoja na Synology na QNAP. Fundi mwenye ujuzi anaweza pia kugeuza kompyuta ya zamani kuwa seva ya namna hiyo kwa programu huru.

Faida yake huonekana studio ikiwa na zaidi ya mtu mmoja: mmoja anachagua picha, mwingine anasahihisha rangi, wa tatu anaandaa albamu, na hakuna anayezunguka na flashi mfukoni. Mpigapicha anayefanya kazi peke yake kwenye kompyuta moja hahitaji kifaa hiki mwanzoni. Diski tatu za kuchomeka, zikitumiwa kwa nidhamu, humfaa zaidi na humgharimu kidogo.

Kasi hutegemea njia nyembamba kuliko zote kati ya kompyuta na diski. Kwa kebo na swichi za gigabiti 1, gigabaiti 50 za harusi huhamishwa kwa dakika nane hivi. Swichi ya zamani ya megabiti 100 huhitaji zaidi ya saa moja kwa mzigo uleule, hata kama diski ni mpya na ghali. Wengi hulaumu kisanduku wakati kosa liko kwenye kebo iliyokunjwa nyuma ya meza. Mtandao usiotumia waya unafaa kuonyesha picha kwa mteja. Kwa kuhamisha faili ghafi unachosha.

Diski zenyewe zina tofauti. Zipo ambazo mistari yake ya kuandikia imepandana kama vigae vya paa, ili nafasi iongezeke. Hizo hulemewa zinapoandikwa mfululizo, kama inavyotokea kisanduku kinapojenga upya taarifa za diski iliyokufa. Mwaka 2020 kampuni ya Western Digital ilikubali kwamba baadhi ya diski zake za WD Red, zilizouzwa kwa ajili ya hifadhi za mtandao, zilikuwa za aina hiyo bila wanunuzi kuelezwa. Tangu hapo wanunuzi makini huangalia aina ya uandishi kabla ya bei.

## RAID si nakala rudufu

Visanduku vingi huunganisha diski kwa utaratibu uitwao RAID, uliopewa jina hilo mwaka 1988 katika makala ya David Patterson, Garth Gibson na Randy Katz wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Katika RAID 1 diski mbili huandikwa kitu kilekile: diski mbili za terabaiti 8 hutoa nafasi ya terabaiti 8 tu. Katika RAID 5 diski nne za terabaiti 4 hutoa terabaiti 12, na moja ikifa kazi huendelea. Kuijenga upya diski ya terabaiti 8 huchukua saa 15 au zaidi, na katika muda huo zilizobaki hukimbizwa kuliko kawaida, mara nyingi zikiwa za umri uleule na iliyokufa.

Hapa ndipo watu wengi hupotea. RAID hulinda dhidi ya kifo cha diski moja, wala si zaidi. Msaidizi akifuta folda kimakosa, inafutika kwenye diski zote mbili kwa wakati mmoja. Mwizi habebi diski moja, anabeba kisanduku. Januari 2022 programu haribifu iliyoitwa Deadbolt ilifunga faili katika vifaa vya QNAP vilivyokuwa vimeachwa wazi kwenye intaneti, ikidai malipo ili izifungue. Kwa wenye vifaa hivyo idadi ya diski haikusaidia chochote. Kifaa cha studio kisifunguliwe kwa intaneti moja kwa moja bila sababu ya lazima.

## Nakala za mbali

Kanuni inayotajwa sana ni ya tatu, mbili, moja: nakala tatu za kila faili, katika aina mbili za vifaa, moja ikiwa mahali pengine. Ilienezwa na mpigapicha Mmarekani Peter Krogh katika kitabu chake juu ya utunzaji wa picha za kidijitali, kilichotolewa mara ya kwanza mwaka 2005.

Watu wa Kilosa hawahitaji kuelezwa sana maana ya "mahali pengine". Mwishoni mwa Desemba 2009 na Januari 2010 Mto Mkondoa ulivunja kingo zake, maji yakaingia mjini Kilosa, maelfu ya watu wakapoteza makazi na Reli ya Kati ikaharibika. Nakala mbili katika nyumba moja, au hata katika mtaa mmoja wa bondeni, mbele ya maji kama yale ni nakala moja.

Katika nchi zenye intaneti nafuu nakala ya mbali hupelekwa kwenye hifadhi ya wingu. Mahali ambapo kasi ya kupandisha ni megabiti 5 kwa sekunde, gigabaiti 50 za harusi moja zinahitaji zaidi ya saa 22 bila kukatika, pamoja na gharama ya kifurushi. Tena njia yenyewe si ya uhakika: Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika, na Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizoathirika zaidi. Kwa mpigapicha wa Lumuma njia iliyo nyepesi zaidi ni diski mbili za kupokezana. Moja inakaa kwa ndugu anayeaminika Morogoro au Dodoma, nyingine iko studio ikiandikwa. Kila mwezi mtu anayesafiri hubeba moja na kurudi na nyingine. Diski hizo zifungwe kwa neno la siri, kwa kuwa basi lina abiria wengi. Wingu libaki kwa picha chache zilizokwisha kuchaguliwa na kubanwa, ambazo mteja angezililia.

Kadi ya kumbukumbu isifutwe mpaka nakala mbili ziwe zimethibitika. Kuthibitisha ni kufungua faili kadhaa kutoka kwenye nakala yenyewe. Kuona majina yake tu hakutoshi. Mifumo ya faili ya Btrfs na ZFS huweka pia alama ya kuhakiki kwa kila kipande, hivyo hugundua faili iliyoharibika kimyakimya.

## Umeme

Kisanduku cha diski mbili hutumia takriban wati 20, yaani karibu nusu yuniti kwa siku kikiwashwa saa zote, kiasi ambacho mfumo wa wastani wa umeme jua unaweza kukibeba. Hatari ni kukatika kwa ghafla wakati wa kuandika. Betri ya akiba ya UPS, ikiunganishwa na kisanduku kwa waya wa taarifa, hukiamuru kijizime kwa utaratibu kabla chaji haijaisha. Kebo hiyo ya taarifa mara nyingi hubaki ndani ya boksi.

## Picha kama ushahidi wa kisayansi

Si picha za sherehe tu zinazohitaji utunzaji. Katika Milima ya Udzungwa kamera za kujipiga zilinasa mwaka 2005 sengi ambaye wataalamu hawakuwa wakimjua. Mwaka 2008 alitangazwa kuwa spishi mpya, *Rhynchocyon udzungwensis*. Serengeti, mradi ulioanza mwaka 2010 ulitandaza kamera 225 katika eneo la kilomita za mraba 1,125, na katika miaka mitatu ya kwanza ukakusanya picha zaidi ya milioni 3. Picha za namna hiyo hazina maana bila tarehe, saa na mahali, ndiyo maana saa ya kamera hurekebishwa kabla ya kazi, na taarifa hizo huhifadhiwa pamoja na faili. Studio ndogo hufaidika kwa desturi hiyohiyo: folda zianze na mwaka, mwezi na siku, kisha jina la tukio na la kijiji.

## Sheria

Picha inayomtambulisha mtu ni taarifa yake binafsi. Tanzania ilitunga Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022, ikaanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Sheria hiyo inaweka masharti kwa anayekusanya na kutunza taarifa za watu, na pia kwa kuzisafirisha nje ya nchi, jambo linalomgusa mpigapicha anayetumia hifadhi ya wingu ambayo seva zake ziko ng'ambo.