Kuacha pombe wakati unatumika ku bar: namna ya kujilinda mu miezi ya kwanza

Mutu mwenye anatafuta kuacha pombe anaambiwa neno moja kila mahali: kimbia mahali penye pombe. Ni shauri la kweli. Lakini hapa Kipushi, tutamwambia nini mama mwenye kuhudumia ku bar kuanzia magaribi mpaka usiku? Tutamwambia nini kijana wa depo mwenye kubeba kazie za Simba kutwa nzima? Na ule mwenye kupika lutuku kwake ku nyumba, na feza ya lutuku ndiyo inalipa masomo ya watoto? Hawa wakikimbia pombe, wanakimbia na bukari pamoja.

Habari hii ni kwa ajili ya mutu mwenye ameacha pombe juma chache ao miezi chache, na hawezi kubadilisha kazi leo. Jambo kubwa la kushika ni moja: usitegemee nguvu ya roho peke yake. Nguvu ile inapunguka kadiri mutu anachoka. Kinachosaidia ni kupanga namna ya kutumika mbele saa ya hatari haijafika.

Kwa nini pombe iko karibu hivi

Mugodi wa Kipushi ulifunguliwa mu 1924, wakati wa Union Minière, kisha ukaingia mu mikono ya Gécamines. Mu 1993 kazi ilisimama. Profesa Donatien Dibwe dia Mwembu wa Lubumbashi ameeleza mu kitabu chake cha 2001 juu ya jamaa za wafanyakazi wa Katanga namna baba alipoteza nguvu ya kulisha nyumba, na mama na watoto wakaingia mu biashara ndogondogo. Pombe na lutuku ni moja ya biashara zile. Mugodi ulianza tena kutoa zinki mu 2024, lakini jamaa nyingi zingali zinaishi na feza ya meza na ya chupa. Basi, kumwambia mutu «acha ile kazi» bila kumwonyesha ingine ni kumwachia muzigo peke yake.

Kwanza kabisa: mwili

Kama ulikuwa unakunywa kila siku, na asubui mikono inatetemeka mpaka unywe kidogo, usiache kwa gafula bila kuona munganga ao muuguzi. Mu masaa ya kwanza jasho, kutetemeka, kutapika na kukosa usingizi vinaweza kuja. Mu siku mbili za kwanza mutu anaweza kuanguka kama mutu wa kifafa. Kati ya siku ya pili na ya ine, wengine wanachanganyikiwa, wanaona vitu vyenye haviko. Hii si kulogwa. Ni mwili wenye ulizoea pombe, na inaweza kuua. Ku hospitali kuko dawa ya kutuliza mwili na vitamini B1 ya kulinda bongo. Usinunue dawa ile wewe mwenyewe ku soko.

Saa ya hatari ni gani

Mutaalamu mumoja wa Marekani, Alan Marlatt, alichunguza watu wenye walirudia pombe kisha kuiacha. Mu kitabu chenye alitoa na Judith Gordon mu 1985, wanaonyesha kama sababu tatu ndizo kubwa zaidi: huzuni ao kasirani, ugomvi na watu, na kusukumwa na wengine. Mutu wa bar anaweza kukutana na zote tatu mu usiku mumoja: muteja anamutukana, feza inakosekana ku hesabu, kisha rafiki anamwambia «twaa kamoja utulie».

Ile «kamoja» tuipime. Chupa kubwa ya santilita 72, pombe ya asilimia 5, iko na gramu karibu 28 za alkoli safi. Kipimo kimoja chenye waganga wanatumia mara nyingi ni gramu 10. Kamoja ni karibu tatu.

Lakini kuko habari nzuri: hamu ya pombe haidumu. Inapanda, inafika juu, inashuka, na mara nyingi inapita mbele ya nusu saa kuisha. Ukitoka inje, ukinawa uso, ukienda kuhesabu chupa tupu, unaipa nafasi ya kushuka.

Kupanga kazi

Kula mbele ya kuingia. Tumbo tupu na uchovu vinafanana sana na kiu ya pombe. Mutu mwenye ameshiba bukari anajibu muzuri kuliko mutu mwenye njaa.

Kuwa na kikombe chako. Weka ndani maji, chai ao sukre, na kikombe kiwe na kifuniko. Mutu mwenye kitu mu mukono, wateja hawamuulize sana. Ukikiacha ku meza ukaenda, mwanga na uanze kingine.

Munkoyo, angalia siku yake. Ya leo ni nyepesi. Ya siku nyingi imechachuka, iko na alkoli. Mu miezi ya kwanza ni muzuri kuiacha.

Matabishi ya chupa. Hapa ndipo wengi wanaangukia, kwa sababu muteja anafanya kwa upendo na kukataa kunaonekana kama zarau. Tayarisha jibu moja fupi, ulizoeze ku nyumba: «Aksanti papa, mimi niliacha pombe. Kama unapenda kunipa, unipe beyi yake, nitapelekea batoto.» Usieleze mengi. Mwenye kueleza sana anafungua mashauri.

Mabaki. Chupa zenye zimebakia nusu, zimwange palepale mu ndoo, usizipange pembeni.

Kuonja. Mwenye kupika lutuku anaizoea kuipima na ulimi. Kazi ya kuonja umupe mutu mwingine, hata kama unamulipa kidogo. Kama hauna mutu wa kuonja, jua kama kazi ile haiwezekani kwako kwa sasa.

Kubadilisha nafasi. Omba miezi mitatu ya kutumika ku michopo, ku jiko, ku kasha ya feza ao asubui wakati wa kupanga na kufagia. Si lazima uache kazi ili uache kaunta.

Saa ya kufunga. Wateja wamekwenda, hesabu imekwisha, wafanyakazi wanaikaa kupumuzika na chupa. Saa ile hauna tena kazi ya kukushika. Patana mbele na mutu wa kukuja kukupokea, bibi, bwana, yaya ao jirani, na utoke wa kwanza. Siku ya mushahara ku mugodi, patana naye mara mbili.

Mutu wa kuita

Mu mwezi wa tano 1935, Bill Wilson, mufanyabiashara wa New York mwenye alikuwa ameacha pombe miezi michache tu, alikuwa mu hoteli moja ya muji wa Akron. Biashara yake ilikuwa imeanguka. Upande mumoja wa hoteli alisikia sauti za bar, upande mwingine palikuwa telefone. Alienda ku telefone, akatafuta kupitia watu wa kanisa mulevi mwingine wa kusema naye. Wakamufikisha kwa munganga Bob Smith. Kutokea ile mazungumuzo ndipo chama cha Alcoholics Anonymous kilianza. Hakutafuta mutu wa kumuhubiri. Alitafuta mutu mwenye kujua ile hamu.

Wewe pia, uwe na namba mbili mu telefone: ya mutu mwenye aliacha pombe, na ya mutu wa nyumba. Weka yuniti mbele ya kazi, si kisha hamu kuanza.

Patron na wateja

Mara ingine bar inapata faida wakati mufanyakazi anakunywa chupa zenye wateja wanamulipia. Patron mwenye akili atapima: mufanyakazi mwenye halewi hapoteze chupa, hakosee hesabu. Anaweza kukubali kama chupa ya matabishi iandikwe na mufanyakazi apewe feza yake. Na asilipe mutu pombe pahali pa mushahara. Na sisi wateja: mutu akisema hapana mara moja, tusirudilie. Kumusukuma kwa kuchekesha ni kumurudisha ku shimo.

Ukianguka

Kisha glasi moja, wazo moja linakuja: «Nimeharibu, basi nimalize.» Wazo lile ndilo linaleta hasara kuliko glasi ile. Simama palepale, toka, ita mutu wako, na kesho uangalie ni saa gani mupango ulipasuka. Kama umerudia kunywa siku nyingi mufululizo, rudi kwa munganga mbele ya kuacha tena.

Anzia ku kituo cha afya cha karibu ao ku hospitali kubwa ya Kipushi. Lubumbashi kuko kituo Joseph Guislain, cha Wafrère wa Charité, chenye kupokea wagonjwa wa akili na watu wenye shida ya pombe. Kwenda kule haimaanishi wewe ni mwenda wazimu.

Na kama umepanga yote, umebadilisha nafasi, na ungali unaanguka kila juma, kazi ile inakushinda kwa sasa. Basi mazungumuzo ni ya jamaa nzima: feza ile tutaitafuta wapi kwingine? Wasikuachie kuijibu peke yako. Pombe yenye ulikuwa unakunywa, nayo ilikuwa inakula ku feza ile ile ya masomo.