Msitu Una Wenyewe: Eneo la Kuwindia na Kiongozi wa Njia katika Masisi na Walikale

Msomaji anayezijua habari za uwindaji wa Kivu kwa njia ya vitabu vya wasafiri hukuta maswali mawili yakiulizwa mbalimbali. La kwanza lahusu mahali: ni upande gani wa nchi unaofaa kuwindwa? La pili lahusu mtu: je, yafaa kumwajiri kiongozi wa njia, au dira na ramani zatosha? Makala haya yanadai kwamba kwa wenyeji wa Masisi na Walikale maswali hayo yalikuwa moja. Kutenganishwa kwake kulifanywa na ukoloni, na athari zake zingalipo.

Inafaa kuanza na Walikale, nchi ya Wanyanga, ambako ushahidi ni mwingi zaidi. Daniel Biebuyck, aliyefanya utafiti huko katika miaka ya 1950, aliacha maandishi kadhaa juu ya jambo hili, mojawapo likiwa makala ya 1956 kuhusu mbwa tu, na jingine la 1966 kuhusu haki za ardhi na mazao yake. Si ajabu mbwa kutengewa makala nzima. Katika msitu ambamo macho hayaoni mbali, mbwa aliyevishwa njuga ya mti shingoni ndiye humwambia mwindaji mnyama yuko wapi, na watu waliotandaza nyavu hungoja kwa kufuata mlio huo. Hata hivyo nyama nyingi ilipatikana kwa mitego, na mtego ni kitu kinachokaa mahali pamoja siku nyingi. Mwenye kutega sharti ajulikane ana haki gani juu ya mahali pale. Kwa hiyo msitu, ambao mgeni aliuona kuwa pori tupu, ulikuwa umegawanywa baina ya koo, na juu yao wakiwapo watemi, yaani bami. Tena wako wanyama ambao aliyewaua hakuwa na ruhusa ya kuwagawa apendavyo, bali walifuata kanuni za heshima na za ibada.

Pamoja na Wanyanga waliishi Wambuti, waitwao Baremba kwa Kinyanga. Hao walihusiana hasa na watemi, wakiwawindia na kuwaletea nyama. Hapa ndipo maana ya kiongozi inapodhihirika. Mmbuti aliyetangulia mbele ya wengine alijua mapito, ni kweli, lakini pia alikuwa mtu wa mtemi fulani. Aliyefuatana naye alionekana kuwa ameingia msituni kwa mlango, si kwa dirisha. Kumpata kiongozi kulikuwa ndiko kuchagua eneo, kwa sababu kila kiongozi alikuwa na msitu wake wa kumwingizia mgeni.

Utenzi wa Mwindo, ulionakiliwa mwaka 1956 kutoka kwa msimulizi Candi Rureke na kuchapishwa na Biebuyck pamoja na Kahombo Mateene mwaka 1969, unalionyesha jambo hilo vizuri kuliko hati yoyote ya serikali. Mwindo, akiwa sasa ni mtemi, anatamani nyama ya nguruwe mwitu, naye anawatuma Wambuti wake wakawinde. Huko msituni wanakutana na joka Kirimu, nalo linawameza. Ananusurika mmoja, Nkurongo, anayerudi kutoa habari. Shujaa huyu, ambaye aliwahi kushuka hata kuzimu, hamwendei Kirimu kwa kubahatisha: anakwenda na yule aliyekwisha kuona mahali. Kirimu anauawa, lakini alikuwa rafiki wa Nkuba, bwana wa radi. Mwindo anachukuliwa juu mbinguni, anateswa, na anaporudishwa amekatazwa kuua wanyama. Wahakiki wengi hukisoma kisa hiki kama funzo la unyenyekevu wa mtawala. Usomaji huo si wa kukataliwa, ila unapunguza uzito wa jambo lililo wazi kwa mwindaji yeyote: mnyama wa msituni ana mwenyewe, na mwenyewe huja kudai.

Masisi ilifuata njia nyingine. Huko, katika nchi ya Wahunde, mgeni alipata matumizi ya ardhi kwa kutoa mutulo kwa mtemi, na kwa kutoa alikiri kwamba nchi si yake. Lakini kuanzia 1937 hadi 1955 serikali ya Wabelgiji iliwahamishia Masisi na jirani zake makumi ya maelfu ya watu kutoka Rwanda. Misitu ya milimani ikafyekwa kwa mashamba na malisho, na milima ile leo yajulikana kwa ng'ombe na jibini. Swali la eneo la kuwindia likakoma lenyewe huko, msitu ulipokoma.

Wageni nao walichaguaje? Gustav Adolf von Götzen alipanda Nyiragongo mwaka 1894, kisha akaukata msitu kuelekea magharibi hadi Lualaba. Msafara wake ulitoka pwani, nao ulikuwa wa desturi ya pwani, yenye wapagazi na kirangozi. Neno hili la mwisho lastahili kuangaliwa. Kirangozi ni kiongozi, lakini ni kiongozi wa msafara: huongoza watu walioajiriwa, kwa ujira, katika nchi ambayo huenda si yake. Wazungu waliokuja baadaye waliichukua dhana hiyo na kuitia msituni, ambako haikuzoeleka.

Waliokuja baada yake kutafuta masokwe kwa ajili ya makumbusho walikwenda upande wa volkano. Mwana wa mfalme wa Uswidi, Wilhelm, na msafara wake waliua masokwe 14 huko, na Carl Akeley wa Marekani akaua wengine mwaka 1921. Sababu zilikuwa za kawaida kabisa: mahali palijulikana, misheni ilikuwa karibu, na watu wa kuongoza walipatikana kwa urahisi. Akeley mwenyewe alishawishi hifadhi ianzishwe, na Hifadhi ya Albert ikatangazwa mwaka 1925. Sokwe wa Walikale walibaki nje ya hesabu hiyo. John Emlen na George Schaller walipofanya uchunguzi wao mwaka 1959 walilazimika kuukusanya upya ujuzi ambao wategaji wa huko walikuwa nao siku zote. Elimu ya wanyama ya wakati ule, kwa sehemu kubwa, ni ramani ya mahali ambapo viongozi walipatikana upesi.

Kisha sheria ikaja kufanya kazi ambayo hapo awali ilifanywa na mtemi na Mmbuti wake. Sheria ya 1973 iliifanya ardhi yote kuwa mali ya Dola. Sheria ya uwindaji ya tarehe 28 Mei 1982 iliweka vibali. Hifadhi ya Kahuzi-Biega, iliyoanzishwa mwaka 1970, ilipanuliwa mwaka 1975 kutoka kilomita za mraba 600 hadi 6,000, ikaingia katika misitu ya chini ya Walikale. Wambuti waliokuwa wakiishi katika sehemu ya milimani walitolewa. Sasa mwindaji aliweza kupata eneo ofisini, bila kuonana na mwenye eneo. Katika vita vya 1996 na baadaye hata ofisi haikuhitajika. Mwenye bunduki aliingia apendapo, na machimbo kama ya Bisie yalihitaji nyama. Watafiti walikadiria mwaka 2016 kwamba sokwe wa nyanda za chini za mashariki walikuwa wamebaki 3,800 tu, ingawa hesabu mpya ya 2021 ilifikia 6,800.

Watemi hawakunyamaza. Mwaka 2006 serikali iliitambua hifadhi ya Tayna na ile ya Kisimba-Ikobo, zilizoanzishwa kwa juhudi za wenye ardhi, ya pili ikiwa Walikale. Na mwaka 2024 ulitangazwa uamuzi wa Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na za Watu uliowapa haki Wambuti wa Kahuzi-Biega waliofukuzwa. Kabla ya uamuzi huo, kwa miaka mingi, baadhi yao walikuwa wakiajiriwa katika hifadhi hiyo hiyo kufuata nyayo za sokwe na kuwatangulia watalii, kwa mshahara, katika msitu waliokatazwa kulala.