Nyaya za Denver, Mahakama ya Islamabad

Mwaka 1974 Nancy Wertheimer, mwanasaikolojia mwenye shahada ya uzamivu, alianza kuzunguka mitaa ya Denver, katika jimbo la Colorado nchini Marekani, akizitafuta nyumba walimoishi watoto waliokufa kwa saratani ya damu. Hakutumwa na chuo chochote wala hakuwa na ruzuku ya utafiti. Alichokikuta mara kwa mara jirani na nyumba hizo ni transfoma juu ya nguzo. Akamshirikisha mwanafizikia Ed Leeper, wakabuni namna ya kukadiria wingi wa mkondo wa umeme kwa kutazama tu unene wa nyaya na umbali wake na nyumba. Mwaka 1979 walichapisha matokeo yao: watoto waliokaa karibu na nyaya zenye mkondo mkubwa walionekana kufa kwa saratani mara mbili hadi tatu zaidi ya wenzao.

Makala ile ilipokewa kwa mashaka, na baadhi ya mashaka hayo yalikuwa ya haki. Watafiti hawakupima uga wa sumaku ndani ya nyumba, na aliyeziainisha nyaya alijua ni nyumba ipi ilikuwa na mgonjwa. Tena nyaya nene hupita penye msongamano wa watu na magari. Hata hivyo, mwaka 1988 David Savitz alirudia uchunguzi katika jiji lile lile, naye akauona uhusiano, ingawa hafifu zaidi. Tafiti zikafuatana, nyingine zikikubali, nyingine zikikana. Mwaka 2000 Anders Ahlbom wa Sweden na wenzake waliunganisha takwimu za tafiti tisa. Kwa watoto wengi mno hapakuwa na ongezeko lolote la hatari. Kwa wale wachache, chini ya mmoja katika kila mia, waliokaa kwenye uga wa wastani wa mikrotesla 0.4 au zaidi, saratani ya damu ilikaribia kuwa maradufu.

Kwa msingi huo, mwaka 2001 Wakala wa Kimataifa wa Utafiti wa Saratani, ulio chini ya Shirika la Afya Duniani, uliuweka uga huo katika kundi 2B, yaani vitu ambavyo huenda vikasababisha saratani. Ndugu msomaji, neno "huenda" limetumika vibaya na pande zote. Mwenye nyaya hulisoma kama hati ya kuachiwa huru. Mwenye hofu hulisoma kama hukumu ya kifo. Mpaka leo haijulikani ni kwa njia gani uga dhaifu kiasi hicho ungeweza kuizalisha saratani. Na Uingereza imetupa funzo ambalo sisi tunaoshughulika na historia tungepaswa kulipenda: utafiti wa mwaka 2005 ulionyesha hatari kubwa zaidi kwa watoto waliozaliwa karibu na nyaya za msongo mkubwa, lakini takwimu zilipopanuliwa mwaka 2014, hatari hiyo ilionekana kwa waliozaliwa miaka ya 1960 na 1970 tu, kisha ikatoweka. Fizikia ya nyaya haikubadilika katika miaka hiyo. Nashawishika kwamba kilichobadilika ni watu waliokaa chini yake.

Je, raia afanye nini wakati wataalamu wakiendelea kubishana? Swali hilo lilijibiwa vizuri zaidi mahakamani kuliko maabara. Mwaka 1992 wakazi wa mtaa mmoja wa Islamabad, akiwamo Shehla Zia, waliiandikia barua Mahakama ya Juu ya Pakistan kupinga kituo cha umeme kilichokuwa kikijengwa karibu na makazi yao. Barua ikageuzwa kesi. Katika uamuzi wa mwaka 1994 majaji hawakusema kwamba kituo kile kingeua. Walisema ushahidi haujakamilika, na kwamba kutokamilika huko ndiko kunakodai tahadhari, kwa kuwa haki ya kuishi ni zaidi ya kupumua. Wakaagiza mpango ule uchunguzwe na wahandisi, na kwamba tangu hapo, kabla ya kujenga kituo au kupitisha njia ya umeme, mamlaka itoe tangazo magazetini, redioni na kwenye televisheni, ipokee pingamizi na kuwasikiliza wananchi.

Hoja hiyo si ngeni kwetu. Mwaka 1991, katika shauri la Festo Balegele na wakazi wenzake wa Kunduchi Mtongani kuhusu dampo la taka, Mahakama Kuu ya Tanzania ilikuwa imekwisha kuisoma ibara ya 14 ya Katiba kwa moyo huo huo.

Lakini mikutano ya fidia niliyowahi kuhudhuria, pale mkuza wa umeme unapokata kijiji, huzungumzia bei ya minazi, miembe na vyumba vya matofali. Mara moja tu nilimsikia mama mmoja akiuliza kama ni salama kwa wajukuu wake kulala umbali ule kutoka kwenye nguzo. Mthamini alimjibu kwamba swali hilo halimo kwenye fomu, akamwita mtu aliyefuata.