Msalaba wa Shaba Hauna Kabila



Leo tutafanya safari. Mgeni akija Lualaba tunamwonyesha nini? Mara nyingi tunamwonyesha shimo la mgodi na malori, kisha tunamwambia kwamba vitu vya zamani viko pwani, Mombasa na Zanzibar, kwenye ngome na nyumba za mawe. Si kweli. Sisi ni watu wa mpakani, Angola upande mmoja na Zambia upande mwingine, mbali na bahari zote mbili. Hata hivyo historia yetu imefungamana na bahari hizo. Nitakutajia mahali panne pa kutembelea. Ukipata nafasi nenda, na umchukue mtoto wako. Na kila ufikapo jiulize swali hili: ni nani aliyeijenga nchi hii?

Mahali pa kwanza ni Makumbusho ya Taifa ya Lubumbashi, yaliyoanzishwa mwaka 1946. Kutoka Kolwezi ni karibu kilomita 300, kwa barabara inayopita Likasi. Humo utaona misalaba ya shaba. Usidhani ni misalaba ya kanisa. Ilikuwepo kabla ya misionari wa kwanza kufika. Babu zetu walikusanya jiwe la kijani wakati wa kiangazi, wakaliyeyusha kwa makaa katika tanuru la udongo wa kichuguu, wakaimimina shaba katika umbo la mikono minne. Msalaba huo ulikuwa mali na mahari, na baadaye ukawa fedha.

Mwaka 1957 na 1958 wataalamu walichimba makaburi ya kale huko Sanga, karibu na ziwa Kisale. Humo walikuta vyungu, vyuma na vitu vya shaba, na katika makaburi ya nyakati za baadaye misalaba mingi. Lakini Kisale hakuna shaba. Shaba ilitoka huku kusini, ikabebwa mkono kwa mkono. Walikuta pia kauri, vile vigamba vidogo vya Bahari ya Hindi. Basi karne nyingi kabla ya kampani yoyote, mchimbaji wa huku, mvuvi wa Kisale na mtu wa pwani walikuwa wamekwisha kuunganishwa na biashara, ingawa hawakujuana kwa sura. Mwaka 1960 misalaba mitatu iliwekwa kwenye bendera ya Katanga iliyojitenga. Lakini kazi ya kwanza ya msalaba ule ilikuwa kupita kutoka kwa watu hawa kwenda kwa watu wale.

Mahali pa pili ni Bunkeya, katika eneo la Lubudi, humu humu Lualaba. Hapo palikuwa mji mkuu wa Msiri. Ukifika, anza kwa kwenda kumsalimu mwami au watu wake, ndiyo heshima ya mahali. Msiri hakuzaliwa hapa. Alitoka upande wa Unyamwezi, katika Tanzania ya leo, akaja kwa biashara, akawa mfalme juu ya Wasanga, Walamba na wengine. Misafara yake ilikwenda Benguela upande wa Atlantiki na pwani ya Zanzibar upande wa mashariki. Ilibeba shaba na pembe za ndovu, na ni lazima tuseme ukweli, ilipeleka pia watumwa. Tarehe 20 Desemba 1891, afisa wa msafara wa Stairs, uliotumwa kwa faida ya mfalme Leopold II, alimpiga Msiri risasi akafa. Msafara huo ulianzia pwani ya Zanzibar, na wapagazi wake wengi walikuwa watu wa huko.

Tazama basi. Wayeke, ambao leo ni wenyeji mbele ya macho ya kila mtu, walikuja kama wageni. Kiswahili chetu nacho kilitembea katika njia za biashara kabla ya kampani kukifanya lugha ya kazi. Anayesema kwa Kiswahili kwamba wageni watoke, anasema kwa lugha iliyotoka safarini.

Mahali pa tatu ni mji wa Kolwezi wenyewe. Union Minière ilianzishwa mwaka 1906, na mji huu ulijengwa kuanzia mwaka 1937. Wafanyakazi wa kampani walitoka Rodezia ya Kaskazini, Kasai, Rwanda na Burundi, pamoja na watoto wa huku. Tembea katika makambi ya zamani, uwaombe wazee wakuonyeshe nani aliishi wapi. Kisha waulize juu ya mwaka 1978. Tarehe 13 Mei wapiganaji wa FNLC waliingia Kolwezi wakitoka Angola kwa kupitia Zambia. Wengi wao walikuwa watoto wa Katanga waliokuwa uhamishoni. Tarehe 19 Mei askari wa miavuli wa Ufaransa wakaanza kushuka. Waliokufa ni mamia, Wakongo na wageni. Na vita ilipokwisha, Walunda wengi walishukiwa na kuteswa kwa sababu tu ya kabila lao.

Mahali pa nne ni stesheni ya gari la moshi. Reli ilifika Lubumbashi kutoka kusini mwaka 1910, na mwaka 1931 njia ya Dilolo ikaungana na ile ya Angola, shaba ikapata kufika bandari ya Lobito. Vita vya Angola viliifunga njia hiyo miaka mingi. Mwaka 2018 madini yetu yalianza kupita tena. Hayo utayasikia kwa wafanyabiashara. Mimi nakuomba ukumbuke jambo jingine. Mwaka 1992 huko Likasi, na mwaka 1993 hapa Kolwezi, watu wenye asili ya Kasai walifukuzwa majumbani. Wengi walizaliwa hapa, na wazazi wao walitumia maisha yao mgodini. Walilala stesheni majuma na miezi, na vitu vyao vichache, wakingoja gari la moshi. Watoto na wazee walikufa kwa magonjwa na njaa. Kabla ya siku hizo walikuwa wamekwisha kupewa jina: bilulu, yaani wadudu. Neno lilitangulia, fimbo ikafuata.

Sasa weka mahali hapo panne pamoja. Mwaka 1978 aliyeshukiwa ni Mlunda. Mwaka 1993 aliyefukuzwa ni Mkasai. Ukikubali leo kwamba kabila linatosha kumhukumu mtu, unajiandikia zamu yako mwenyewe.

Najua kuna kijana anayesema: "Wewe unahubiri, lakini mimi ni mwenyeji, sina kazi, na wengine wanakula." Ndugu yangu, malalamiko yako juu ya kazi na ardhi si dhambi. Yalete mbele ya chifu, mbele ya meya, mbele ya bunge la jimbo, mbele ya mahakama. Lakini jirani yako siye anayeandika mikataba ya migodi. Mwaka 1993 nyumba zilibadilika wenyewe, kazi hazikuongezeka.

Katiba ya mwaka 2006, katika kifungu cha 30, inampa kila mtu aliye nchini haki ya kutembea na kukaa anapotaka, kwa kufuata sheria. Kifungu cha 51 kinaiagiza Leta kulinda makabila yote yaishi pamoja kwa amani. Na urithi wa taifa nao unalindwa: kifungu cha 46 kinautaja, na kuna sheria ya 15 Machi 1971 juu ya mali za utamaduni.

Kwa hiyo naomba mambo matatu. Wewe mchimbaji, ukikuta chungu cha kale, msalaba au mifupa ya watu, simamisha kazi upande huo, umwarifu chifu na wenye mamlaka; usikiuze kwa mpita njia. Wewe mwalimu, wapeleke wanafunzi mahali hapa, hata pamoja tu kwa mwaka. Na wewe mzazi, unapomsimulia mtoto taabu za kabila lako, msimulie pia taabu za jirani.

Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Katika nchi ya shaba maneno haya ni historia yetu, kwa maana karibu kila mmoja wetu, yeye au babu yake, amewahi kuwa mgeni.